Sumu ya panya, msiba wa paka

Wiki hii tuweke kando habari za nani kamwacha nani na nani kavaa nini kwenye harusi ya nani. Nataka tuongee kuhusu panya. Usicheke, na wala usifungue ukurasa wa pili. Kama unapanga chumba Manzese, Mabatini au Ngarenaro, panya unamjua. Huyo anakutafunia sabuni, anakutoboa begi la nguo, na usiku anakimbia juu ya dari kama ana mechi ya ligi.

Basi jamaa anapita mtaani na kipaza sauti chake: dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto, papasi! Unatoa Sh. 500, unapewa kikaratasi, unachanganya na dagaa, unalala usingizi wa raha. Asubuhi unaamka, panya yuko palepale darini, paka wa mama mwenye nyumba kakauka mlangoni. Hapo kasheshe linaanza, maana kila mpangaji anakana.

Wahenga walisema mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwemo. Nami naongeza kwamba mtego angalau una mlio, ukifyatuka mtu anasikia. Sumu haina mlio. Inakaa kimya kwenye kona ikimsubiri yeyote mwenye njaa, na mara nyingi anayetangulia kuwa na njaa si panya.

YALIYOTOKEA MWAMAPALALA

Haya si maneno ya kusimuliwa. Julai 2023 nilikuwa Mwamapalala kwa mama yangu mdogo. Kwa wale wa mjini wasiopajua, hii ni kata iliyokuwa wilaya ya Bariadi enzi za mkoa wa Shinyanga, na tangu 2012, ulipozaliwa mkoa wa Simiyu, iko wilaya ya Itilima. Huko ni Usukumani kwenyewe, nchi ya pamba, dengu na ng'ombe. Asubuhi ukitoka nje ni "Mwangaluka" kushoto na kulia mpaka unamaliza kupiga mswaki.

Julai ndiyo wakati neema imejaa ndani. Mahindi yapo kwenye kihenge, dengu kwenye magunia, na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, imefungwa vizuri kungoja miezi ya njaa. Neema ikiingia ndani na panya anaingia. Usiku nilikuwa nasikia vurugu kama disko la Krismasi. Magunia mawili yalishatobolewa, na mama mdogo alikuwa kila asubuhi anafagia punje na mavi ya panya huku akilalamika.

Pale nyumbani palikuwa na paka mmoja wa kijivu aliyeitwa Pusi na mbwa mwekundu aliyeitwa Simba. Simba alikuwa mbwa wa kazi. Mchana anaandamana na mdogo wangu wa darasa la tano machungani, usiku anazunguka ua wa minyaa, na fisi wa kule wanamfahamu.

Baba mdogo akaenda mnadani. Akarudi na unga mweusi uliofungwa kwenye kipande cha daftari, hauna jina, hauna kiwanda, hauna tarehe. Muuzaji kamwambia panya akionja hamalizi hatua tatu. Saa mbili usiku ukachanganywa na ugali wa dona na dagaa wa Mwanza, ukawekwa kwenye vigae pembe zote nne za chumba cha chakula. Sasa hebu niambie, ndugu msomaji, ni mnyama gani duniani anayependa dagaa kuliko paka?

Saa nane usiku tulisikia Pusi analia, kilio cha ajabu, kama mtoto mchanga. Kulipokucha tulimkuta chini ya kihenge, kakakamaa, miguu imenyooka. Kabla watu hawajamaliza kushangaa, kijana mmoja wa pale kwa nia njema akafagia mabaki yote ya chambo akayamwaga jalalani. Simba naye hakuwa na habari, alipita jalalani kama alivyozoea kila asubuhi.

Ilipofika saa mbili asubuhi mbwa alikuwa anayumba kama mlevi wa wanzuki. Akatapika, akatoa povu, misuli ikaanza kucheza. Majirani wakajaa. Huyu analeta maziwa, yule analeta mafuta ya kula, mwingine anasema maji ya chumvi, bibi mmoja akasema majivu. Simba alinyweshwa karibu duka zima.

Afisa mifugo alifika na bodaboda kwenye saa nne. Hakugusa mbwa kwanza. Alimgeukia mama mdogo akamuuliza, "Mayu, pakiti ya hiyo dawa iko wapi?"

Pakiti haikuwepo. Kulikuwa na kile kipande cha daftari tu, chenye hesabu za kugawanya za mtoto wa watu.

Yule afisa akatikisa kichwa. "Kama ni ya kuzuia damu kuganda, nina la kufanya. Kama ni dawa ya wadudu, nina jingine. Kama ni ile nyeusi ninayoifikiria, hiyo haina kinga. Sasa mnaniambia nianzie wapi?" Akanusa kwa mbali matapishi, akasema yananuka kama kitunguu saumu, akaamuru watu wote na hasa watoto watoke pale wakae upande upepo unakotokea. Alimtundikia Simba dripu ya maji kwenye mti, akafanya alichoweza. Kabla ya adhuhuri mbwa akakata roho. Mdogo wangu hakula siku ile.

Hesabu ya mwisho tuliifanya jioni. Panya waliookotwa: watatu. Walinzi wa nyumba waliokufa: wote wawili. Mwezi haujaisha mama mdogo akanipigia simu, disko limerudi kwa kishindo, na juu yake fisi kaingia uani akabeba mbuzi.

PANYA ANAONJA, MBWA ANAFAKAMIA

Swali nililokuwa nalo kichwani, na labda unalo na wewe, ni hili: inakuwaje sumu iliyotengenezwa kwa ajili ya panya imuue mbwa mwenye uzito mara mia na panya abaki?

Jibu lipo kwenye tabia. Panya wa nyumbani ni mshamba wa kuogopa vitu vipya. Ukimwekea kitu asichokizoea anazunguka, ananusa, anaonja kidogo tu na kuondoka. Kitu hicho kikimuumiza tumbo na akapona, hakigusi tena. Hilo analifanya kwa sababu maumbile yamemnyima jambo moja: panya hawezi kutapika. Kilichoingia kimeingia, kwa hiyo inabidi awe mwangalifu.

Mbwa ni kinyume chake. Mbwa ana sera ya kumeza kwanza na kufikiri baadaye. Chambo ambacho panya kumi wangekionja wiki nzima, mbwa anakimaliza kwa mikupuo miwili. Paka kidogo ana maringo kwenye chakula, lakini ukishamtilia dagaa umemwandikia kadi ya mwaliko.

Na kuna njia ya pili, ya kupitia mgongo wa panya mwenyewe. Zipo sumu zinazomuua panya taratibu, siku kadhaa. Katika siku hizo anatembea amelegea, mchana kweupe, bila hofu. Paka anaona zali limemdondokea, anakamata bila jasho, anakula na sumu yake. Paka anayekula panya wa namna hiyo kila siku anajijazia sumu mwilini bila kugusa chambo hata siku moja.

SUMU TATU, SAA TATU

Hapa naomba utulie kidogo, maana ndipo penye uhai wa mnyama wako. Watu tunasema "sumu ya panya" kana kwamba ni kitu kimoja. Ziko za aina nyingi, ila zinazotuhusu zaidi huku kwetu ni kundi tatu, na kila moja ina saa yake.

Ya kwanza ni ile ya kuzuia damu isigande. Mara nyingi inakuja kama punje au vibonge vya rangi, bluu, kijani au pinki. Ina historia tamu. Miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na kaskazini ya Marekani walikuwa wanavuja damu mpaka kufa bila ugonjwa unaoonekana. Ikaja kufahamika kuwa walikula majani ya malisho yaliyoota ukungu. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alisafiri kwenye theluji na ng'ombe wake aliyekufa na debe la damu isiyoganda, akafika kwenye maabara ya profesa Karl Paul Link. Wataalamu wakachimba, wakaipata kemikali yenyewe, na kutoka hapo wakatengeneza wafarini, iliyoanza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948. Cha kuchekesha, baadaye ikawa dawa ya binadamu wenye matatizo ya damu kuganda, na Rais Eisenhower wa Marekani alipewa alipopata shambulio la moyo mwaka 1955. Siku hizi kuna ndugu zake wakali zaidi, kama brodifakumu na bromadioloni, ambazo zinakaa mwilini wiki nyingi.

Mnyama aliyekula hii haonyeshi kitu siku ya kwanza. Anacheza, anakula, unasema afadhali, kapona. Kumbe bado. Kati ya siku ya tatu na ya saba fizi zinakuwa nyeupe, anachoka, anahema kwa shida, anatoka damu puani au kwenye choo, au inavujia ndani usikoiona. Habari njema ni kwamba hii ina kinga yake, vitamini K1, inayotolewa na daktari wa mifugo, na kwa zile kali inabidi iendelee wiki tatu, nne hivi. Ukiwahi kabla damu haijaanza kuvuja, mnyama anapona kabisa. Aliyesubiri "tuone kesho" ndiye anayezika.

Ya pili ni ile nyeusi ya Mwamapalala, au niseme inayofanana nayo kwa kila dalili: fosfidi ya zinki. Ni unga wa kijivu kuelekea weusi, wenye harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Unga wenyewe ukikutana na asidi ya tumboni unatoa gesi inayoitwa fosfini, na hiyo gesi ndiyo muuaji. Dalili zinaweza kuanza robo saa baada ya kula, na mara nyingi hazizidi saa nne: kutapika, kuyumba, kuhema kwa shida, kutetemeka, degedege. Kinga yake haipo. Daktari anaweza kusaidia mwili upambane, kupunguza asidi, kutuliza degedege, kumpa maji ya mishipani, ila hana sindano ya kuizima. Na gesi ile ile ikitoka na matapishi inaweza kumdhuru mtu aliyeinama kuyasafisha. Ndiyo maana afisa aliwatoa watu. Kama ni ndani ya chumba, fungua madirisha na milango, toeni pua zenu hapo.

Ya tatu ndiyo kimeo kuliko zote, kwa sababu si sumu ya panya hata kidogo. Ni dawa ya wadudu wa shambani, kali, iliyopunguzwa kwenye chupa au kupakiwa upya kwenye vikaratasi na kuuzwa kwa jina la panya. Mnyama aliyekula hii anatiririka kila mahali: mate, machozi, mkojo, kuhara, na misuli inatetemeka, mboni za macho zinakuwa ndogo kama kichwa cha pini. Ni suala la dakika. Daktari anayo dawa, atropini, lakini sharti ajue haraka kwamba ndiyo hii.

Umeona sasa kwa nini swali la kwanza lilikuwa pakiti? Sumu moja inakupa siku tatu, nyingine saa mbili, nyingine dakika kumi. Moja ina vitamini, moja ina sindano, moja haina kitu. Kikaratasi cha daftari hakimwambii daktari chochote.

MAZIWA NA CHUMVI, HADITHI ZA MTAANI

Sasa twende kwenye huduma ya kwanza ya kibongo, ambayo kila mtu ni profesa.

Maziwa kwanza. Tumekua tunaambiwa maziwa yanaua sumu. Hayaui, mtu wangu. Kwa ile nyeusi ni hatari zaidi, maana ukimpa mnyama kitu cha kula au maziwa unaliamsha tumbo limwage asidi, na asidi ndiyo inayozalisha gesi. Umemwagia moto petroli huku ukidhani unazima.

Mafuta ya kula ni balaa jingine. Mnyama anayeyumba hamezi sawasawa, mafuta yanapita njia ya hewa na kuingia mapafuni. Maji ya chumvi nayo: chumvi nyingi peke yake inamtia mbwa degedege na kumuua, hata angekuwa mzima. Majivu na mkaa wa jikoni havifanyi kazi ya ule mkaa maalumu wa hospitali, hata kama rangi ni moja. Na mnyama aliyeanza kutetemeka au kupoteza fahamu usimtie kitu chochote mdomoni, hata maji.

Kumtapisha je? Kutapisha kunasaidia kama ni mapema na kama sumu ni ya aina inayoruhusu, lakini anayeamua ni mtaalamu, na namna ya kufanya anaijua yeye. Vidole vyako usimtie mbwa kooni, utaongeza mgonjwa wa pili.

Ya kufanya ni machache, na yanahitaji kasi tu. Mwondoe mnyama kwenye chambo, na wenzake wote wafungie mbali. Okota pakiti, kopo, hata kipande cha lebo. Kumbuka saa aliyokula na kiasi unachodhani amekula. Piga simu kwa afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo wakati huohuo, usingoje dalili. Kama kuna usafiri, mpeleke fasta. Nenda na pakiti mkononi.

NAJUA UTASEMA NI PAKA TU

Kuna mshikaji ataniambia, bwana wee, watu wana shida za maana, wewe unaandika kuhusu paka. Sawa. Basi tuongee kuhusu watoto.

Oktoba 2024 watoto sita wa Naledi, Soweto, kule Afrika Kusini, walikufa baada ya kula vitu walivyonunua dukani mtaani. Vipimo vilikuta terbufosi, dawa ya wadudu wa mashambani. Ile nchi ilikuwa imejaa sumu za panya za vichochoroni, zile wanazoziita hatua mbili kwa jinsi zinavyoua upesi, na viduka vidogo vilikuwa vinaweka chakula na sumu karibu karibu kwa sababu panya wanawatesa. Novemba mwaka huohuo Rais Cyril Ramaphosa alilihutubia taifa, akasema waliokufa nchini walishafika watoto 22.

Ni aina ileile ya biashara, kikaratasi kilekile, na maneno yaleyale ya muuzaji kuhusu hatua. Mtoto anayetambaa na paka wanaishi dunia moja, ya chini ya kitanda na nyuma ya kabati. Paka wako akifa kwa chambo, chukulia umepigiwa king'ora. Na mtoto akigusa, hiyo ni hospitali moja kwa moja, na pakiti mkononi vilevile.

Jambo jingine ambalo wengi hatulisemi ni kuku. Kuku anadonoa chambo, anaanza kusinzia, na sisi tulivyo wepesi tunamuwahi kisu kabla hajafa ili nyama isipotee. Jamani, acheni. Kuku aliyezubaa baada ya sumu kuwekwa ndani hafai kuliwa na mtu, wala matumbo yake hafai kutupiwa mbwa. Azikwe shimo refu, na panya waliokufa nao hivyohivyo. Ukiwatupa jalalani umetega upya.

MLINZI WA BURE

Simwambii mtu awaonee huruma panya. Hapana. Watafiti wanakadiria kuwa panya hapa Tanzania wanakula kama asilimia 15 ya mahindi yetu kila mwaka. Panya wa shambani jike anabeba mimba siku 23 tu na anaweza kuzaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo mmoja. Ukiua watatu kwa kikaratasi, wiki chache tu nafasi zao zimejaa. Kwa kasi hiyo kununua sumu kila mnada ni kama kuchota bahari kwa kijiko.

Ndiyo maana utafiti mmoja wa kule Eswatini, uliochapishwa 2017, ulinifanya nikumbuke ule uwanja wa mama mdogo. Watafiti walilinganisha nyumba za vijijini: zisizo na paka wala mbwa, zenye paka tu, zenye mbwa tu, na zenye wote wawili. Wakaweka chakula kilichochanganywa na mchanga waone panya watakula kiasi gani kabla ya kuogopa. Penye paka peke yake panya hawakujali sana. Penye mbwa peke yake, vilevile. Lakini penye paka na mbwa pamoja panya walikula kidogo na kukimbia. Hawa wawili wakiwa timu wanawatia panya woga, na panya mwenye woga hana muda wa kutoboa gunia.

Sasa rudia hesabu ya Mwamapalala. Sumu ya Sh. 500 iliua panya watatu na ikaivunja ile timu yote kwa usiku mmoja. Paka akiondoka panya hutawala, wahenga walishamaliza.

Ukitaka kupambana kiume, anza na makazi. Chakula kiwekwe kwenye chombo kigumu chenye mfuniko. Kule kijijini ghala liinuliwe, na miguu yake ivalishwe bati lililokunjwa kama mwavuli, panya akipanda anateleza. Magunia yasiegemee ukuta. Majani na matakataka ya uani yafyekwe, maana panya hapendi kukatiza mahali peupe. Mitego ya kubana iwekwe kila siku, na si nyumba moja bali majirani wote kwa pamoja, la sivyo unamhamishia mwenzio wageni.

Na kama imefika mahali huwezi bila sumu, nunua dukani, si kwenye kipaza sauti. Iwe na pakiti, jina la kemikali, maelekezo, na iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ambayo makao yake makuu yako Arusha na ilichukua kazi hiyo kwa sheria ya mwaka 2020. Chambo kiwekwe ndani ya boksi gumu au bomba ambalo panya anapita lakini kichwa cha paka hakipiti. Usichanganye na dagaa. Hesabu vituo ulivyoweka, na kulipokucha uvikusanye kwa hesabu ileile. Pakiti itunzwe mpaka mwezi uishe. Na kabla hujaweka, waambie majirani, paka hana mpaka wa nyumba.

Kwa wapangaji wenzangu wa mjini, hili la majirani lichukulieni kwa uzito. Paka unayemuua anaweza kuwa ndiye pekee anayezuia panya wa vyumba vyote kumi. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, kwa hiyo yule anayetega sumu makusudi kwa sababu mbwa wa jirani anabweka, ajue anacheza na soo.

Kwa hiyo siku jamaa akipita na kipaza sauti chake, usimfukuze, mwite kwa adabu. Muulize: kaka, dawa hii inaitwaje, na mtoto akiila anapewa nini? Akikujibu habari za hatua tatu, rudisha Sh. 500 yako mfukoni, ule kona.